Jinsi Chumba cha Mbele cha Wete Kilivyokombolewa kwa Finjani Moja

Sogeeni, enyi mlio karibu, na mlio mbali tegeni masikio. Enyi wa Sib na wa Wete, wanywaji kahawa na wanywaji chai, wenye vyeo na wenye subira tu. Lazeni simu zenu kifudifudi, wapeni watoto tende wanyamaze, kisha mnisikilize, kwani nasimulia vita vikuu vilivyopiganwa siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, juu ya zulia la majlisi yangu, chumba cha kupokelea wageni, baina ya dola na mwanamke mmoja, na ambavyo waandishi wa tarikhi, kwa uvivu wao, wamevipuuza hadi leo. Msimulizi ni mimi Mutasim, muuza magari wa Wattaya, mume wa shujaa. Nilikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, nimekaa karibu na mlango, kama ilivyo desturi yangu panapoanza kunuka ugomvi.

Ijueni kwanza himaya yenyewe. Ukoo wa mke wangu una milki ng'ambo ya bahari, na milki hiyo ni nyumba moja mjini Wete, kisiwani Pemba: kuta za mawe na chokaa, ukumbi, chumba cha mbele, chumba cha nyuma, na ua wenye kisima. Mpaka wake wa kaskazini ni ukuta wa jirani, wa kusini ni njia ya kwendea sokoni, wa mashariki ni mshelisheli wa jirani huyo huyo, na wa magharibi ni karo la maji machafu ambalo hakuna dola iliyowahi kuligombea. Wenyewe walihamia Maskati zamani, wakasoma, wakawa maofisa na wahasibu na madaktari wa meno, wakajenga kuanzia Sib hadi Madinat Sultan Qaboos. Raia aliyebaki kule ni mmoja tu, naye ni Bi Mastura, mshona kofia, mpole wa kauli, binti wa ndugu wa marehemu mzee aliyeijenga nyumba. Yeye ndiye aliyekaa kumuuguza mjane wa mzee huyo, bibi wa ukoo, wakati wengine wote walikwishapata pasipoti.

Na mjueni mtawala. Ami Ishaq bin Khalfan, mwana mkubwa wa ukoo, Bahari Isiyo na Pwani, Mtunza Ufunguo, alifanya kazi maisha yake yote katika idara moja ya serikali ambayo sitaitaja, akiangalia mambo ya nchi ambazo hakupata kuzikanyaga. Serikali ilipomuaga kwa keki na ngao ya kioo, watu wa nyumbani walidhani atapumzika. Lakini mtu aliyezoea kutawala kwa mbali hawezi kukaa bila umbali wa kuutawala, na kwa kuwa nchi zote za dunia zilikuwa na wenyewe, aliigeukia Wete. Ndipo likaundwa Baraza la Uangalizi wa Mambo ya Ng'ambo, lenye matawi mawili yaliyo sawa kwa heshima: Mambo ya Nje, yaani majirani, na Sera za Jamii, yaani Bi Mastura.

Kazi za Baraza hilo hazihesabiki, na wingi wake haukumfaa mtu. Tawi la Mambo ya Nje, chini ya Ami Bakhit, mdogo wake Ishaq, Mwitikiaji Asiyechoka, lilishughulikia tawi la mshelisheli lililovuka mpaka na kuinamia ua wetu. Walijadili kama lisogelewe kwa upole au kwa ukali, wakamtaka sheha wa mtaa atoe maoni, wakayapinga maoni, na mwisho upepo ukalivunja tawi lenyewe, Baraza likapongezana. Tawi la Sera za Jamii lilijadili kama inafaa mwanamke mtu mzima kufuga kuku uani, na azimio la kumruhusu lilipofika Wete, kuku waliojadiliwa walikwisha kuwa mabibi. Wapemba husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii yetu ilishindwa hata kumtisha mjusi.

Sasa nifikie jambo lenyewe, na hapa sitanii. Bi Mastura hulala chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kinavuja. Baraza liliwahi kupeleka mabati mapya, lakini yakaezekwa juu ya chumba cha mbele, kwa hoja kwamba chumba cha mbele ndicho chenye hadhi, na yakaishia hapo hapo. Chumba cha mbele kimefungwa. Hakilali mtu ndani yake, kikavu kama kiberiti, nacho kimefungwa tangu mama yake Ami Ishaq alipofariki humo, na ufunguo wake, wa chuma, mrefu wa shibiri, unakaa huku Maskati katika mfuko wa kanzu ya Ami Ishaq, unauvuta mfuko upande mmoja hata anapokwenda dukani kununua mtindi. Masika yaliyopita Bi Mastura alilazwa hospitali kwa ajili ya kifua. Daktari alimwambia asirudi tena kulala penye unyevu. Alirudi, kwa sababu alikuwa hana pa kwenda, na Baraza lilipopata habari lilimpelekea ndoo ya kukingia maji.

Mtauliza kwa nini hakuita fundi akavunja kufuli. Wete haikosi mafundi. Lakini Bi Mastura ni mtu wa zamani, na mlango uliofungwa na mwenyewe kwake ni amana. Alifanya lililomwelekea: alituma sauti kwa simu, Baraza zima likasikia. "Ishaq kaka yangu," alisema, na kikohozi kikamkatiza, "nnaomba chumba cha mbele masika haya. Chumba changu kinanvujia juu ya kitanda. Nikikupa taabu, nisamehe." Ami Ishaq alijibu kwamba ombi limepokelewa.

Huo ndio msiba uliomwamsha shujaa wangu. Masouda, Mkono Usiotetemeka, binti wa marehemu ndugu yao Ishaq na Bakhit, mwalimu wa hesabu, mama wa wanangu, aliisikia sauti ile akiwa anakaanga vitunguu, akazima jiko. Kaka yake Hatem alikuwa asafiri Ijumaa ile ile, ndege ya jioni kwenda Unguja na kutoka hapo Pemba, na baada yake hapakuwa na msafiri mwingine wa ukoo mpaka mapumziko ya kiangazi, ambapo masika yangekuwa yamekwisha kufanya yatakayoyafanya. Ufunguo ulipaswa kuingia katika sanduku la Hatem kabla ya alasiri. Kwa hiyo Masouda alialika Baraza lote chakula cha mchana nyumbani kwetu Sib, karibu na uwanja wa ndege, akapika nguru wa kupaka na wali wa nazi, na kwa mara ya kwanza mkutano ukafanyika nje ya kasri la Mtunza Ufunguo. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo kubwa. Mimi nilidhani anataka tu watu wale nguru kabla hajaharibika.

Ee harufu ya iliki, wewe upandaye kutoka kwenye mdomo wa mdila wa kahawa, nisaidie kuieleza vizuri desturi ya kahawa, maana bila yake hakuna kisa. Huku kwetu kahawa hutiwa kidogo, chini ya nusu ya finjani, na mtiaji husimama. Mgeni akinywa na kurudisha finjani kimya, hutiliwa tena. Akitosheka, huitikisa finjani kwa vidole, huku na huku, na hapo mtiaji humwacha. Kumtilia mgeni kidogo ni kumwambia kaa, bado tunakutaka. Lakini kumjazia finjani mpaka ukingoni ni kumwambia jambo jingine, nalo ni hili: ahsante kwa kuja, viatu vyako viko mlangoni. Kila mtoto wa Oman anaijua lugha hiyo kabla hajajua kusoma, na ni nadra sana kusikia imetumika, kwa kuwa ni aibu nzito kwa anayejaza na kwa anayejaziwa.

Na ukoo huu una kanuni yake juu ya kanuni: mkubwa akiwa bado hajatikisa finjani, hainuki mtu. Ami Ishaq aliijua kanuni hiyo vilivyo. Ndiyo siri ya utawala wake. Hutwaa finjani, akanywa funda moja, akaishika pasi na kuitikisa, na kwa muda wote finjani imo mkononi, maneno ni yake.

Tukala, tukanawa, tukakaa juu ya mito. Hatem alikuwa amekwisha kulitia sanduku katika gari langu. Masouda akasimama na mdila, akamtilia ami yake kidogo, kwa adabu, akasema, "Ami, kabla hujaanza, nna ombi moja. Hatem anaondoka leo. Naomba umpe ufunguo wa chumba cha mbele, shangazi Mastura ahamie kabla mvua haijakaza."

Ami Ishaq alinywa funda, akaishika finjani, na mkono wake wa kulia ukainuka ukionesha pande za dunia. "Binti yangu," alisema, "jambo ulilolitaja lina sura mbili. Lina sura ya mambo ya nje, kwani chumba cha mbele kina dirisha linalotazama njia ya sokoni, na mtu akionekana dirishani, majirani watauliza, na wakiuliza lazima pawe na jawabu moja, si majawabu. Na lina sura ya sera za jamii, kwani leo akilala chumba cha mbele Mastura, kesho atalala nani? Mie nimetumikia dola wakhti mrefu. Nimejifunza kwamba ruhusa ndogo huzaa ruhusa kubwa. Kwa hivyo nnapendekeza tuunde kamati itazame."

"Itazame," alisema Ami Bakhit.

"Ami, anavujiwa," alisema Masouda, akamtilia tena kidogo.

"Kuvujiwa kunajulikana. Tumelichukulia hatua."

"Mlipeleka ndoo."

"Ndoo ni hatua."

"Ni hatua," alisema Ami Bakhit, ambaye kwa haki ndiye aliyeichagua rangi ya ndoo ile.

Hotuba ikaendelea. Ami Ishaq alizungumza juu ya hatari ya maamuzi ya haraka, akaja kwenye madhara ya kuchelewa, akasema yote mawili ni mabaya na kwamba njia ya katikati ni kupokea ripoti. Akauliza kama tunajua hali halisi ya bawaba za mlango ule. Hakuna aliyejua. Akauliza tunawezaje kuufungua mlango ambao hali ya bawaba zake hatuijui, na Ami Bakhit akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hatem aliitazama saa yake, akanitazama mimi, nami nikautazama mlango. Finjani ilikuwa imo mkononi mwa Mtunza Ufunguo, haijatikiswa, na kutoka nje msikitini walianza kupima kipaza sauti kwa ajili ya adhana ya alasiri. Nilihesabu moyoni kwamba vita vimekwisha na kwamba Bi Mastura atalala na ndoo yake mwaka mwingine. Niliona uchungu, lakini sikufungua mdomo.

Hatem akajaribu. "Ami, mie nna ndege," alisema.

"Ndege husubiri wenye subira," alisema Ami Ishaq, jambo ambalo si kweli kabisa, na akanyoosha finjani ili atiliwe.

Hapo ndipo Masouda, Mkono Usiotetemeka, alipofanya lile ambalo kwalo jina lake litatajwa muda wote ambao Sib itakuwa na maji ya bomba. Aliinamisha mdila. Kahawa ikashuka, ikafika pale adabu inapokomea, nasi tukangoja mkono uinuke kama unavyoinuka kila siku. Haukuinuka. Kahawa ikapanda, ikapita nusu, ikapita robo tatu, ikafika ukingoni, ikatuna juu ya ukingo bila kumwagika hata tone. Kisha akausimamisha mdila na kurudi nyuma hatua moja, macho ameyainamisha kwa heshima.

Ami Bakhit alifungua mdomo aitikie, akakuta hapana la kuitikia. Hatem aliacha kutazama saa. Mimi niliona kwa mara ya kwanza hekima ya kuwalisha nguru wetu nyumbani kwetu: kule Madinat Sultan Qaboos Ami Ishaq ni mwenyeji, na mwenyeji hajaziwi finjani, lakini hapa alikuwa ni mgeni. Naye hakuweza hata kujifanya hakuona, kwa kuwa finjani iliyojaa kahawa ya moto haina msamaha. Akiitikisa inamwagika. Akiiweka chini inamwagika. Akiinua mkono kuonesha pande za dunia inamwagika juu ya kanzu nyeupe. Mkono uliotawala nchi za ng'ambo kwa miaka mingi ulibaki pale pale, umeshika kijikombe.

"Masouda," alisema polepole, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyoizoea. "Wanijua mie nani?"

"Nakujua, ami. Wewe ni baba yangu aliyebaki, na leo ni mgeni wangu."

"Na hichi umekifanya kwa kujua?"

"Kwa kujua."

"Nimeudhika."

"Najua umeudhika, ami, na Mungu anisamehe, na wewe unisamehe." Akauweka mdila juu ya sinia, akakaa chini mbele yake. Nilijua kutoka kwenye mabega yake kwamba sasa anahutubu, na kwamba hotuba hiyo aliipika pamoja na wali. "Lakini niambie namna ulivyoudhika. Umekaa ndani ya nyumba ya watu wako, umekula, umepumzika, halafu mtu mdogo kwako anakwambia, bila ya kusema neno, kwamba hapa si pako. Limekuingia wapi? Nnaona limekuingia kifuani. Basi shangazi Mastura ameinywa finjani hii kila siku tangu uliposafiri na ule ufunguo. Anafagia ukumbi, anapita mbele ya mlango uliofungwa, anakwenda kulala kwenye maji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe analo na kazi anafanya, na bado tumemweka mgeni. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ami. Sisi hatujakilalia. Tunakaa Sib tunajadili bawaba."

Ami Ishaq alikitazama kijikombe kama mtu anayetazama kisima. Na aliposema, hakuwa akihutubu.

"Nilichelewa maziko," alisema. "Mnajua hilo? Ndege, kisha chombo cha Pemba kilikuwa hakijaondoka. Nikafika wameshamzika. Nikaingia chumbani, chandarua chake kimefungwa fundo juu ya kitanda, vile anavyokifunga mwenyewe asubuhi. Nikasema sitaki mtu alifungue fundo hili mpaka nije nikae nalo siku mbili tatu. Nikafunga mlango. Nikasema nitarudi mwakani. Halafu kila mwaka ukawa na mambo yake."

Tulijua amefunga chumba. Hatukujua amekifungia nini. Hata Ami Bakhit, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa hajui, na nilimwona akiyapangusa macho kwa ncha ya kilemba chake. Masouda naye alilainika, lakini hakurudi nyuma, kwani mashujaa huhurumia na huku wakiendelea.

"Aliyemuuguza bibi humo ndani alikuwa nani, ami?"

"Mastura."

"Na aliyemfumba macho?"

"Mastura," alisema Ami Ishaq. "Mastura."

Kisha akaipeleka finjani mdomoni. Ilikuwa ya moto bado, nami naijua kahawa ya mke wangu, kali kama ahadi za mkopo wa gari. Lakini aliinywa yote kwa pumzi moja, machozi yakamtoka, na hakuna aliyeuliza ni ya nini. Akaiinua finjani tupu, akaitikisa mbele yetu sote, huku na huku. Khalas. Mkono ukashuka mfukoni, ukatoka na ufunguo, mfuko ukarudi mahali pake. Alimkabidhi Hatem kama watu wanavyokabidhiana mji.

"Mwambie," alianza, na sauti ikaanza kurudia upana wake, "kwamba ruhusa hii ni ya masika tu, kwa kuanzia. Kwamba kitanda kisihamishwe kutoka kilipo. Kwamba dirisha la njiani lifunguliwe kwa kiasi, na kwa upande wa mambo ya nje, majirani wakiuliza..."

"Ami," alisema Masouda kwa upole mwingi, "kahawa ipo bado."

Ami Ishaq akautazama mdila, akaikata hotuba yake katikati, akatafuta viatu vyake. Sijapata kuona jeshi likirudi nyuma kwa heshima namna ile.

Fungu langu katika vita hivi lilikuwa kuendesha gari, na nitalisimulia kwa ufupi kwa kuwa nafsi yangu haipendi kujikweza. Nilimfikisha Hatem uwanjani. Ufunguo ulilia katika mashine ya ukaguzi, askari akautoa, akaupima mkononi, akauliza kwa Kiarabu hii ni nini. Hatem akasema ni ufunguo wa chumba. Askari akauliza hoteli gani hiyo yenye funguo za namna hii, na Hatem akamwambia ni nyumba ya bibi yake. Askari, ambaye bila shaka naye ana bibi, akaurudisha na kumwambia apite. Himaya ilikuwa imetoka Maskati katika mfuko wa suruali.

Jumapili, baada ya magharibi, Baraza lote lilikutana kwa Ami Ishaq, wala hakuna aliyelialika. Tulikuja tu. Simu iliwekwa katikati ya zulia, sauti imefunguliwa, na kutoka Wete tukasikia kwanza mvua juu ya mabati, nene, isiyo na haraka. Kisha tukasikia chuma kikisugua chuma. Ufunguo haukugeuka. Hatem alisukuma, akakata tamaa, akasema kufuli limekufa kwa kutu, na Ami Ishaq akafunga macho.

"Hebu ondoka hapo," ilisema sauti ya Bi Mastura. Tukasikia kandambili zikienda na kurudi. "Mafuta ya nazi. Mlango huu mie nnaujua, haupendi nguvu." Kikohozi. Kisha mlio mmoja mdogo, ambao niliposikia nilishika mkono wa mke wangu mbele ya watu wazima, na bawaba ambazo hali yake ilikuwa haijulikani zikalalamika kwa muda mrefu, zikafunguka.

Mvua ilibadilika sauti. Nadhani Bi Mastura alikuwa ameingia ndani.

"Ishaq," alisema.

"Nipo."

"Kuna vumbi tu. Na chandarua cha mama kimefungwa fundo lake, vile vile."

Ami Ishaq alifungua mdomo, na mimi, ambaye nimekaa chini ya hotuba zake miaka yote ya ndoa yangu, nilingoja.

"Nilifungue?" aliuliza Bi Mastura. "Au nilale upande wa ukutani, nikiache kilivyo?"

Hapo ndipo himaya ilipongoja neno la mtawala wake. Palikuwa na sera ya kutangaza, palikuwa na mambo ya nje, palikuwa na kamati ya kuunda. Ami Ishaq akakiinamia kile kisimu mpaka kilemba kikakigusa.

"Lifungue, dada," alisema. "Lifungue wewe."

Tukasikia kitambaa kikishuka. Bi Mastura akashusha pumzi, na haikukatizwa na kikohozi. "Na Hatem keshanipa khabari ya finjani," alisema kisha, na katika sauti yake palikuwa na kicheko ambacho alikuwa akikizuia tangu asubuhi. "Usikasirike na mtoto. Njoo, Ishaq. Njoo uone chumba. Ukija, nitakutilia kidogo kidogo."

Basi na ijulikane, bara na pwani, kwamba hivyo ndivyo Wete ilivyopata uhuru wake, chumba kimoja na dirisha lake, pasi na risasi wala bendera, kwa kahawa isiyofikia kikombe cha chai. Wengine wametwaa ngome kwa mizinga, na ngome hizo leo ni makumbusho yanayofungwa mchana. Masouda alitwaa chumba ambacho mtu amelala ndani yake usiku huo huo, mkavu. Baraza la Uangalizi halikuvunjwa, maana mambo ya namna hiyo hayavunjiki. Lilikutana Ijumaa iliyofuata kujadili kama lijipongeze, likaahirisha. Lakini Ami Ishaq hakuhudhuria. Alikuwa ameomba udhuru, kwa sababu alikuwa anatafuta tikiti, na safari hii hakumpa mtu kazi ya kumtafutia.

Finjani ile tumeiosha na kuiweka kabatini nyuma ya kioo, haitumiki. Ami Ishaq akija kwetu siku hizi hukaa pale pale alipokaa, hunyoosha mkono kwa nyingine, na kabla hajanywa huitazama kwanza, kujua ametiliwa kiasi gani. Masouda humtilia kidogo.